Vibakuli vya Vitambaa: Mbona Kila Kitu Tunakiita Fursa?

Najua nimepotea tangu tulipotawanyika kwenda BTP, na kuna waliouliza kama nimeoa Usukumani na kumaliza ng'ombe wote wa ukoo wetu, hahaha. Sijaoa, na ng'ombe wako salama. Nilikuwa Nyalikungu, pale Maswa mjini, mkoa wa Simiyu. Kwa wale ambao jiografia yao iliishia kidato cha nne: Maswa ilikuwa mkoa wa Shinyanga mpaka Simiyu ilipoanzishwa mwaka 2012. Ukitoka Shinyanga unapita Mwigumbi, unafika Maswa, ukiendelea unaikuta Bariadi ambayo ndiyo makao makuu ya mkoa, halafu Lamadi kule ziwani. Lami tupu. Na ni nchi ya pamba, ukienda mwezi wa saba unakuta magunia kwenye AMCOS na nyuzinyuzi nyeupe zimenasa kwenye majani ya pembeni ya barabara.

Leo sitaki kuongelea pamba ya shambani. Nataka kuongelea vibakuli vya kitambaa, maana vimeniletea ugomvi na nusu ya darasa letu.

Nianze kwa kueleza ni kitu gani, maana najua wengine mnawaza bakuli la mchuzi. Ni kibakuli kidogo kinachoshonwa kwa vipande vya kitenge au kanga au jinsi ya mtumba iliyochoka. Juu kitambaa, ndani bitana, katikati kitu cha kukipa unene, iwe kipande cha blanketi la zamani au pamba yenyewe. Kikishashonwa kinasimama chenyewe juu ya meza. Nyumba niliyopanga chumba, mama mwenye nyumba (sote tulikuwa tunamwita mayu, kama Wasukuma wanavyomwita mama) alikuwa navyo kila kona. Kimoja cha sarafu na funguo pale juu ya friji. Kingine cha vifungo, sindano na nyembe. Kingine kikubwa kidogo cha vitunguu saumu na tangawizi. Kuna cha chaja na vile vidude vyote vya simu, na kimoja kiko juu kabisa ya kabati, cha dawa, wajukuu wasifike. Vipande vyenyewe anaokota kwa mafundi cherehani wanaokaa barazani kwenye maduka ya vitenge. Jioni fundi anafagia, mabaki yanaenda jalalani au yanachomwa. Mayu anapita na mfuko wake, anasalimia, anaondoka na mali.

Nikapiga picha, nikairusha kwenye grupu letu la darasa. Kwa akili yangu nilidhani watu watasema "dah, vizuri". Wapi bwana! Dakika tano tu: "Kaka hiyo FURSA." "Mwambie afungue kikundi, waombe ile asilimia kumi ya halmashauri." "Tafuta soko mtandaoni, wazungu wanapenda sana hivyo." Mmoja akaniandikia kabisa mpango wa biashara wa vipengele saba. Sasa mimi nasema, na nitasema bila kumung'unya maneno: tuache. Kile kibakuli ni kizuri, kinafaa nyumbani na kinafaa darasani, lakini hii tabia yetu wasomi ya kuona mama ameshona kitu halafu hapo hapo tumpeleke kwenye mkopo, itawaumiza watu.

Twende kwenye hesabu maana mimi ni mtu wa hisabati. Tuseme mama anashona kwa mkono, hana cherehani. Kukata, kushona mishono ya pembeni, kugeuza, kufunga mdomo, hapo kama saa mbili zinakwenda, na huyo ni mwenye mkono mwepesi. Tuseme anauza 2,500. Toa uzi, toa kitu cha kujazia, toa sindano zinazokatika, tuseme 500. Amebaki na 2,000 kwa saa mbili, yaani buku kwa saa. Siyo mbaya, utasema. Haya, sasa niambie wateja ni nani? Siku ya mnada bakuli la plastiki unalipata kwa bei ya chini zaidi ya hapo, na lile la plastiki unaweza hata kuogea mtoto mchanga. Jirani yake mayu naye ana mabaki ya kitenge na ana sindano. Atanunua kwake kwa nini? Akiuza viwili kwa wiki, ameingiza elfu nne. Kwa elfu nne ndiyo umwambie akakope?

Na ile asilimia kumi tuielewe vizuri kabla ya kuwatuma watu. Ni pesa ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Haina riba, na ndiyo maana kila mtu anaisifia. Ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarudi 2024. Lakini kutokuwa na riba hakumaanishi hairudishwi! Mkopo ni wa kikundi, kikundi kinarejesha. Sasa fikiria kina mama watano wamekopa kununua cherehani mbili ili washone vibakuli mia tatu. Vibakuli mia tatu viende wapi, Maswa hiyo hiyo? Marejesho yakifika, vibakuli viko kwenye gunia na cherehani inaangaliwa kwa jicho baya. Mwenye wazo lake atakuwa ameshamaliza BTP, yuko chuo anakunywa chai na sambusa.

Kuna mtu atasema nina roho ya korosho. Kumbukeni mwaka 2019 jamani, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni mosi. Si kila mtu alisema sasa kina mama watashona mifuko ya vitambaa? Fursa, fursa, fursa. Kilichojaa sokoni ni ile mifuko ya kiwandani, myepesi, inayouzwa bei ya karanga. Mfuko ambao mama ameshona kwa nusu saa hauwezi kushindana na mashine inayotoa kitu hicho hicho kwa sekunde. Siyo kwamba mama hana akili ya biashara. Anajua kabisa, ndiyo maana mayu hajawahi kuuza hata kimoja! Nilimuuliza, akacheka, akasema, "Mwanangu, nani anunue takataka za fundi?" Lakini nilipokuwa naondoka akanipa viwili. Sasa hivi kimoja kiko hapa mezani hostel, kina kalamu na vidonge vya kichwa.

Sipingi biashara. Fundi ambaye tayari ana cherehani, tayari ana mabaki ya bure chini ya miguu yake, akishona vitano wakati anasubiri mteja, hiyo ni faida juu ya faida. Na mtu aliyeko Arusha au Zanzibar, penye watalii, hesabu yake ni nyingine kabisa. Ninachopinga ni kubeba hesabu ya Zanzibar kuileta Nyalikungu.

Kitu kingine kinachonikera: mbona tunadhani kitu kisipouzwa hakina thamani? Watu wa nchi hii wameshona na kusuka vyombo vya kuhifadhia tangu enzi na enzi. Kule pwani wanasuka miyaa inakuwa ukili, halafu ule ukili wanaushona kwa kuuzungusha, raundi kwa raundi, mpaka unatoka kapu au mkeka. Iringa kuna vikapu vya milulu. Singida nako wana vyao vya kuzungusha hivyo hivyo. Kibuyu cha maziwa ni kila mahali penye ng'ombe. Hivi vyote vilianza kwa sababu nafaka inataka mahali pa kukaa na maziwa yanataka mahali pa kugandia. Soko lilikuja baadaye. Kibakuli cha kitambaa ni mjukuu wa hao. Kuna hata aina moja mayu alinionyesha, anachana kitambaa kuwa utepe, anauzungushia kwenye kamba ya katani, halafu anaizungusha kamba kama konokono na kuishona. Mtu wa pwani akikiona atasema huyu amejifunza kwetu.

Na vyumba vyetu tunavijua. Chumba kimoja, kitanda, ndoo, meza moja, nguo kwenye kamba. Hakuna droo. Vitu vidogo vidogo ndivyo vinavyotuua: kifungo kimedondoka leo, kesho hukioni, keshokutwa umenunua shati jingine. Funguo unatafuta robo saa na umechelewa kipindi. Kibakuli cha kitambaa hakipasuki kikianguka, hakipigi kelele usiku mwenzako amelala, kikichafuka unafua, ukisafiri unakikunja unakitia mfukoni. Tatizo lake ni kimoja: maji na mafuta. Usiweke nyanya, usiweke dagaa, utalia. Vitunguu maji navyo vikubwa vinakizidi nguvu, kinafunguka mdomo.

Sasa nije kwenye darasa, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Siku moja nilikuwa na vipindi viwili mfululizo kidato cha pili, mada ya duara. Wanafunzi wamechoka, jua la Simiyu mnalisikia tu. Nikawaambia kesho kila mtu aje na kipande cha kitambaa, sindano na uzi, na mkasi mmoja kwa kila kundi. Mbele nikaweka kile kibakuli nimekijaza chaki (chaki za Maswa hizo, zinatengenezwa pale pale wilayani, msije mkadhani zinatoka Uchina). Nikauliza swali moja: kitambaa ni bapa, hiki kimesimama. Kimesimamaje?

Ukimya. Halafu kijana mmoja wa nyuma akasema, "Kimepunguzwa ukingoni, mwalimu."

Jamani! Hilo ndilo jibu lote. Chora duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 15. Mzingo wake ni kama sentimita 94. Ukiliacha hivyo litabaki bapa kama chapati. Sasa kata pembetatu nne kuanzia ukingoni kwenda ndani, kila moja upana wa sentimita 5 pale ukingoni, na ncha yake iishie sentimita 7.5 kutoka katikati. Shona kila pembetatu iungane. Umeondoa sentimita 20 kwenye ukingo, umebaki na 74 hivi. Gawanya kwa 3.14, kipenyo cha mdomo kimekuwa 23 na nusu hivi badala ya 30. Lakini kitako chini hukukigusa, bado kina kipenyo cha 15. Ukingo mfupi hauwezi tena kulala chini, lazima uinuke. Unainuka kiasi gani? Hapo anaingia Pythagoras: ukuta wa mshazari ni 7.5, kwa upande umetanuka kama 4.3, kwa hiyo kimo ni kama sentimita 6. Tukashona, tukapima kwa rula. Vingi vilipungua kidogo kwa sababu mshono nao unakula kitambaa, na hilo likawa somo jingine: kuna hesabu ya karatasini na kuna hesabu ya fundi, na fundi anaongeza upana wa mshono kabla hajakata.

Hisabati ya sekondari tunafundisha kwa Kiingereza kama mnavyojua. Sindano zilipoingia mikononi Kiingereza kilitoka chenyewe mlangoni, na ndipo watu walipoanza kuuliza maswali. Hili nitaliandikia siku yake.

Kuna jambo la vitambaa pia. Vitenge vingi sasa hivi siyo pamba, ni poliesta, na mabaki ya fundi yamechanganyika. Tukajifunza kupima: chomoa nyuzi mbili tatu, ziwashe kwa kiberiti (mwalimu ndiye awashe, nje ya darasa, tusichomeane shule). Pamba inaungua kama karatasi, inanuka kama karatasi, inaacha majivu laini. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inaacha kidonge cheusi kigumu. Kwa nini ni muhimu? Kwa sababu kibakuli kinataka kupigwa pasi kwanza ili kisimame vizuri, na pasi ya mkaa haina adabu, poliesta itaganda kwenye pasi na pasi yenyewe umeiazima. Wale watoto wanalima pamba na wazazi wao, wanaichambua, wanaibeba hadi kwenye mizani. Kuna waliokuwa hawajawahi kuwaza kwamba shati la poliesta walilovaa halina hata unyuzi mmoja wa kwao. Mnajua sehemu kubwa ya pamba yetu ikishatoka kwenye jineri inauzwa nje ikiwa bado pamba tu. Sikuhubiri. Niliacha kile kidonge cheusi kikae mezani waangalie.

Mwanzoni wavulana waligoma. "Mwalimu, hii kazi ya wasichana." Nikawaambia tokeni barazani mkaniletee fundi cherehani mwanamke hapo barabarani. Wakacheka, kwa sababu wanajua, baraza zile zimejaa wanaume na futi kamba shingoni. Ikiwa na cherehani na mteja ni kazi ya mwanaume, ikiwa sindano ya mkono na ya nyumbani ni ya wasichana. Kwa hiyo siyo sindano inayoamua, ni nani analipwa. Nilitaka kulifafanua hilo zaidi lakini kengele ikalia.

Mnaosoma nami ualimu mnajua mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024, na sekondari sasa kuna mkondo wa elimu ya amali. Ushonaji umo. Mimi naishangilia kwa mikono miwili. Ila nina hofu mbili, na sizifichi. Ya kwanza ni kwamba tutafundisha kushona kwa kuandika notisi ubaoni: "Taja aina tano za mishono." Cherehani hamna, tunasubiri cherehani, miaka inapita. Kibakuli hakihitaji cherehani. Kinahitaji sindano, uzi, mkasi mmoja kwa watu sita, na fagio la fundi. Mwalimu asiyekuwa na bajeti anaweza kuanza Jumatatu.

Ya pili ni ile niliyoanza nayo. Elimu ya kujitegemea, Mwalimu Nyerere aliitoa mwaka 1967, ilikusudia shule iwe sehemu ya maisha ya watu, mtoto ajifunze akifanya. Kwenye shule nyingi ikaishia wapi? Jembe likawa adhabu. Umechelewa, kalime. Umeongea Kisukuma, kalime. Au shamba la shule likawa la kuingiza hela tu na hakuna anayeuliza mtoto amejifunza nini. Sasa nawaona watu wale wale wanaosema "fursa" wakiingia madarasani na amali: wanafunzi washone vibakuli mia, shule iuze, mkuu apige picha na mgeni rasmi. Mtoto anashona pembetatu ile ile mara hamsini. Akishaelewa mara ya pili, arobaini na nane zilizobaki ni za nani?

Kuna rafiki yangu mmoja kaniambia, "Wewe unaongea hivyo kwa sababu hujakaa mtaani bila ajira. Subiri." Ana haki ya kusema. Ajira za ualimu tunazijua, na sasa hivi ni usaili, siyo kupangiwa tu kama kaka zetu. Lakini ndiyo hasa hoja yangu. Tukiambiana kila siku kwamba suluhisho ni kujiajiri kwa sindano, basi hakuna atakayeulizwa kwa nini shule ile niliyokuwa ina mwalimu mmoja wa hisabati kwa vidato vyote. Mayu hakuwahi kuomba kibakuli chake kibebe mzigo huo. Kinabeba vitunguu saumu, na kwa uzito ule kinasimama vizuri sana.

Haya, kesho nina jaribio la Saikolojia ya Elimu na sijagusa kitu. Wanaotaka kipimo cha kukata nimekichora kwenye karatasi, njooni chumbani mnakili, wavulana pia. Na wale wenye mafundi karibu na kwao, msiwaache wachome mabaki. Nileteeni, lakini za pamba tu, mshajua kupima. Poliesta bakini nazo.